Ubaguzi wa Rangi Shuleni na Nafsi ya Kijana

Nilipoanza utumishi wa serikali nilipangiwa chumba cha majalada, na humo nilimkuta mzee mmoja aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja tulipokuwa tukifungasha majalada ya zamani ya Idara ya Elimu, alinisimulia kisa cha ujana wake. Katika miaka ya 1950 alikuwa mwanafunzi wa shule ya kati, mwenye umri wa miaka 14. Mwalimu wake alimtuma kupeleka barua katika shule ya watoto wa Kizungu, iliyokuwa upande wa pili wa mji. Bawabu alimwamuru azunguke mlango wa nyuma. Akapita chini ya madirisha, akaona viti vyenye egemeo, ramani za rangi, na kabati lenye vitabu vingi kuliko alivyopata kuviona maishani mwake. Alipokuwa anatoka, mtoto wa Kizungu wa rika lake alimtupia mkoba ili amchukulie mpaka kwenye motokaa. Akauchukua. Alipoufikisha, yule mtoto alitabasamu na kumgusa begani.

"Mwanangu," mzee aliniambia, "viti vile havikuniuma, wala mlango wa nyuma haukuniuma sana. Kilichoniuma miaka yote hii ni kwamba yule mtoto aliponitabasamia, mimi nilifurahi."

Wanahistoria wa elimu nchini mwetu wameandika mengi juu ya ubaguzi wa zama za ukoloni, na aghalabu wameupima kwa idadi: shule ngapi, wanafunzi wangapi, fedha kiasi gani. Vipimo hivyo ni vya haki, nami nitavitumia. Lakini ipo hasara isiyoandikika katika daftari la mhasibu, nayo ni ile iliyompata kijana ndani ya nafsi yake, katika umri ambao binadamu hujiuliza kwa mara ya kwanza yeye ni nani na ana thamani gani machoni pa wenzake. Shule ya kibaguzi ilimnyima kijana kitabu; zaidi ya hayo ilimkabidhi kipimo cha kujipimia, na kipimo hicho alikwenda nacho hata baada ya shule yenyewe kubadilishwa jina.

Shule za serikali zilianza katika utawala wa Wajerumani, mnamo miaka ya 1890, na mashuhuri kati ya hizo ilikuwa ile ya Tanga. Wajerumani walihitaji makarani, wakalimani na maakida, wakawafundisha kwa Kiswahili. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, utengano wa rangi ulikuzwa mpaka ukawa mfumo kamili: elimu ya Wazungu, elimu ya Wahindi, elimu ya Waafrika, kila moja ikiwa na shule zake, muhtasari wake wa masomo na fungu lake la fedha. Miji nayo ilipangwa vivyo hivyo. Katika Dar es Salaam mtu aliweza kutoka Uzunguni, akapita Uhindini, akafika Kariakoo kabla jasho halijamkauka, lakini kengele ya asubuhi ilipolia, watoto wa mitaa hiyo mitatu walielekea njia tatu.

Hesabu ya watu ya mwaka 1957 iliwakuta Waafrika zaidi ya milioni 8 na nusu, watu wenye asili ya Asia wasiofika laki moja, na Wazungu wapatao 20,000. Ilhali miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1955, Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa upya, wajumbe wasio maofisa wa serikali waliwekwa 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu. Na mpango huo ukaitwa usawa. Kijana yeyote aliyekwisha kufundishwa kugawanya aliweza kuketi na kalamu yake akakokotoa yeye ni sehemu ya ngapi ya mtu.

Mbele ya ubao nako kulikuwa na somo lisiloandikwa katika muhtasari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kanuni ya mishahara katika Afrika Mashariki ilikuwa kwamba Mwafrika mwenye sifa zile zile na kazi ile ile alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo ilikuja kuondolewa kufuatia mapendekezo ya Tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Kabla ya hapo, mwanafunzi alimtazama mwalimu wake Mwafrika, mtu aliyemheshimu kuliko wote baada ya wazazi wake, akijua kwamba hata yeye, pamoja na elimu yake yote, hakutimia. Soma kwa bidii, aliambiwa kijana huyo. Asome ili afike wapi? Afike penye tatu juu ya tano.

Hapa yanipasa kutaja jambo ambalo sisi tunaoshughulika na utamaduni hatuna budi kulitazama kwa makini. Katika makabila yetu mengi, umri wa balehe ndio uliokuwa umri wa jando na unyago. Jamii nzima ilikusanyika kumwambia kijana jambo moja: wewe si mtoto tena, una jina, una ukoo, una wajibu, na tangu leo neno lako litasikilizwa. Mafunzo hayo yalikuwa na ukali wake, na mengine tumeyaacha kwa haki. Lakini yalijibu lile swali la nafsi katika wakati wake. Sasa mfikirie kijana aliyetoka jandoni akiitwa mwanamume, akaingia mjini akakuta kwamba mwanamume Mwafrika, hata mwenye mvi, aliitwa "boi". Majibu mawili yaligombana ndani ya moyo mmoja. Kijana aliyelishika jibu la wazee alionekana mjeuri, na kiboko kilikuwa karibu. Aliyelishika jibu la mjini alirudi nyumbani likizo akaona haya kwa nyumba ya baba yake, kwa chakula cha mama yake, na kwa lugha aliyonyonyea.

Wapo wakoloni walioliona tatizo hilo. Kule Malangali, katika Nyanda za Juu za Kusini, mwalimu mkuu aliyeitwa Mumford alianzisha mnamo mwaka 1928 shule iliyoingiza ngoma za asili na mafunzo ya wazee katika ratiba. Sina sababu ya kuikejeli nia yake. Hata hivyo ngoma zilizochezwa kwa kupigiwa kengele hazikuweza kuficha ukweli kwamba Mwafrika alikuwa akiheshimiwa kando, mahali alipotengewa. Na si ajabu kwamba katika nchi nyingi za Afrika wazazi walitilia shaka elimu yoyote iliyoelezwa kuwa ya kumfaa Mwafrika, wakaidai ile ile waliyosoma wengine.

Mtu aliyelieleza gonjwa lenyewe kwa ufasaha alikuwa Mwafrika wa Pwani ya Dhahabu, ndiyo Ghana ya leo. James Aggrey alifika Tanganyika mwaka 1924 akiwa mjumbe wa Tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu katika Afrika Mashariki. Walimu wa zamani walikijua vizuri kisa chake cha tai aliyelelewa na kuku. Tai yule hakufungwa kamba, wala mbawa zake hazikukatwa; alidonoa mtama uani kwa sababu aliamini kwamba yeye ni kuku. Aliporushwa mara ya kwanza alirudi chini, na mara ya pili akarudi chini tena. Ilibidi apelekwe mlimani alfajiri na kuelekezwa jua. Watu hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya mwisho wake wa kupendeza, lakini mimi huona kwamba sehemu yake ya kweli zaidi ni zile mara mbili ndege alizorudi kwa kuku kwa hiari yake.

Wataalamu wa nafsi walikuja kuthibitisha kwa uchunguzi yale Aggrey aliyoyasema kwa hadithi. Katika miaka ya 1940, huko Marekani, mume na mke Weusi, Kenneth na Mamie Clark, waliwapa watoto Weusi vinyago vya kuchezea, vyeupe na vyeusi, vyenye sura moja. Wakawauliza kipi kizuri, kipi kibaya. Wengi walikisifu cheupe. Kisha wakawauliza: kipi kinafanana nawe? Hapo wako watoto walionyamaza, na wako waliolia. Kazi ya Clark na mkewe ilikuwa miongoni mwa ushahidi ulioizingira kesi ya Brown, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliitolea hukumu tarehe 17 Mei 1954, ikisema kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Ajabu ya tarehe ni kwamba chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam chini ya miezi miwili baadaye, tarehe 7 Julai. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1952, Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Martinique, alikuwa ameandika juu ya watoto Weusi wa visiwa vile waliofundishwa shuleni kwamba mababu zao ni Wagaula, yaani wenyeji wa kale wa Ufaransa. Kijana anayefundishwa hivyo, alieleza Fanon, hujiona yuko upande wa Mzungu katika kila hadithi, mpaka siku atakapokutana na Mzungu mwenyewe akaambiwa yeye ni nani.

Siku hizi elimu ya tiba imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa tamko rasmi kwamba ubaguzi wa rangi ni jambo linalodhuru afya ya watoto na vijana, sawasawa na umaskini au makazi mabaya. Maelezo yake si magumu. Mwili wa binadamu umeumbwa kujiandaa kwa hatari: moyo hupiga mbio, usingizi hupaa, macho hutafuta adui. Hatari ikipita mwili hupumzika. Kijana anayebaguliwa shuleni hapumziki, kwa maana hatari yake haina saa maalumu. Yaweza kuja katika mzaha wa mwenzake, katika jicho la mwalimu, katika swali lililorukwa alipoinua mkono. Nusu ya akili yake inalinda mlango, na nusu iliyobaki ndiyo inayofanya hesabu. Kisha matokeo ya mtihani yanapotoka husemwa: mnaona, hawa hawawezi. Wengine huingia katika sonona, wakajitenga na kukosa hamu ya chakula na michezo. Wengine huwaka hasira, wakampiga asiyehusika, aghalabu mdogo wao. Wako na wale ambao mwalimu huwasifu kwa utulivu, kumbe wamekwisha kuzima.

Yafaa niseme pia kwamba jeraha halikuwa la Mwafrika peke yake. Mtoto wa Kihindi alifundishwa kumwogopa aliye juu na kumdharau aliye chini, na akaishi kati ya hofu na dharau. Mtoto chotara ndiye aliyeteseka kuliko wote, kwa kuwa nchi iliyogawanywa mafungu matatu haikumpa yeye fungu. Hata mtoto wa Kizungu aliyetupa ule mkoba alifunzwa neno la uongo juu ya nafsi yake, ingawa uongo huo ulimletea faida.

Wala si kila aliyejeruhiwa aliangamia. Shaaban Robert alisoma katika shule ya Msimbazi, Dar es Salaam, kati ya mwaka 1922 na 1926. Katika darasa la watu 11 akawa wa pili. Masomo yake rasmi yaliishia hapo, akaanza kazi ya ukarani katika idara ya forodha. Mtu huyo ambaye dola haikumwona anafaa zaidi ya ukarani, ndiye aliyewapa wasemaji wa Kiswahili wote lugha ya kuuzungumza utu. Sisi watumishi wa serikali tunaoandika mashairi jioni, baada ya kazi, twajua deni letu kwake. Lakini ni makosa kumtoa Shaaban Robert kuwa ushahidi kwamba ubaguzi hauna madhara kwa mwenye bidii. Wale wengine 10 wa darasa lake nao walikuwa na vipaji.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, vijana wote waliokuwa katika shule za sekondari nchini walikuwa 11,832, na waliokuwa kidato cha sita ni 176 tu. Sheria mpya ya elimu ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1962, na kwa sheria hiyo mifumo ya elimu ya rangi ikaunganishwa kuwa mmoja. Shule ya bweni ya Iringa, iliyofunguliwa mwaka 1959 kwa ajili ya watoto wa Kizungu huku uhuru ukiwa umebisha hodi, baadaye ikapewa jina la Mkwawa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, aliutaja ubaguzi huo kuwa kosa la kwanza lililosahihishwa. Lakini mlango ukifunguliwa, moyo haufunguki siku ile ile. Neno tulilolitumia kuieleza hali hiyo ni kasumba, na wenye lugha walilichagua vema, kwani kasumba ni ile dawa ya kulevya ambayo aliyeizoea huitafuta mwenyewe hata baada ya muuzaji kuondoka. Mkorogo unaouzwa madukani mpaka leo kwa wasichana wetu umetoka chungu hicho hicho.

Wakati sisi tukiufuta ubaguzi huo, kusini ulikuwa ukikazwa. Afrika Kusini ilipitisha mwaka 1953 Sheria ya Elimu ya Wabantu, na waziri mhusika, Verwoerd, hakuficha kusudi lake: Mwafrika asifundishwe kutamani nafasi ambayo hataruhusiwa kuipata. Katika mwaka wa 1975 na 1976 serikali ile ilimtumilia mwanafunzi mmoja wa Kizungu randi 644, na Mwafrika randi 42. Ilipoamuliwa kwamba hesabu na masomo mengine yafundishwe kwa Kiafrikaana, lugha ya mabwana, wanafunzi wa Soweto waliandamana tarehe 16 Juni 1976, na polisi wakawapiga risasi. Hector Pieterson aliyeuawa siku hiyo alikuwa na miaka 12.

Maelfu walikimbia, na wengi wao wakaishia kwetu. Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi ya Mazimbu, shamba la zamani la mkonge nje kidogo ya mji wa Morogoro. Na shule iliyoanza hapo mwaka 1978 ikaja kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyetoroka baada ya 1976, akarudi na silaha, akanyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Alikuwa na miaka 22.

Nadhani hatujaitazama Mazimbu ipasavyo katika historia ya utamaduni wetu. Huihesabu kuwa sura ya ukombozi wa kusini, na kweli ndivyo ilivyokuwa; lakini ilikuwa pia mahali ambapo, katika ardhi yetu, mamia ya vijana waliojeruhiwa na shule walipelekwa tena shuleni ili wapone. Kazi hiyo ilikuwa ngumu ajabu. Vijana wale walikuwa wamelijua darasa kuwa mahali pa kudhalilishwa, na mwalimu kuwa mtu wa serikali. Hisabati na sayansi ziliwashinda wengi, kwa kuwa walikotoka hawakufundishwa, na kila kushindwa kulizindua upya ile sauti ya zamani iliyowaambia kuwa hawawezi. Walikuwa wamewaona wenzao wakifa. Hawakujua mama zao wako hai au la, na barua haikuwa jambo jepesi. Habari za Mazimbu hazifichi kwamba ulikuwapo ulevi, uvunjaji wa nidhamu, na maradhi ya akili.

Walitibiwaje? Kwa sehemu walitibiwa kwa masomo yenyewe. Walifundishwa historia ya mapambano ya nchi yao na maendeleo ya jamii za binadamu, mambo ambayo kwao yalikuwa yamefichwa au kupotoshwa. Walitibiwa kwa kazi: shamba, karakana na ujenzi, wakiinua kwa mikono yao majengo ambayo wangeyasomea. Waliimba sana. Na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kufundishwa na kufanya kazi pamoja na Wazungu, wengine kutoka nchi za Skandinavia na Uholanzi, wengine Waafrika Kusini wenzao, walioitwa ndugu na kuitika. Silidai kwamba wote walipona. Nimeyaona makaburi ya Mazimbu, na humo wamelala vijana waliokuwa hawajafika umri wa kuoa. Mwaka 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa serikali yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, yenye jina lile lile la Mahlangu.

Nilirudi kutoka huko siku ambayo tulimwaga yule mzee wa majalada kwa chai na maandazi, nikamweleza niliyoyaona. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo hakulisema siku ile ya kwanza. Mnamo mwaka 1970 binti yake alifaulu, akachaguliwa kuingia shule ile ile aliyopeleka barua, ambayo sasa ilikuwa sekondari ya serikali. Mzee alimsindikiza, amebeba sanduku la bati kichwani. Bawabu alikuwa Mwafrika mwenzake, akamwamkia kwa heshima na kuwafungulia lango kubwa. Binti alipita. Alipokwenda hatua kadhaa aligeuka, asimwone babake. Akarudi langoni kumtafuta, na bawabu akamwonyesha kwa kidole. Mzee alikuwa ameshika ukuta na sanduku lake, anazunguka nyuma.